Mabomba Tuliyoyapima kwa Mwanga

Mwaka uliofuata ile mvua iliyoufurisha mto Tana, kazi yangu Garissa ilikuwa kuchora mabomba. Nilikuwa mchoraji wa ofisi ya maji, mwanamke wa Kitaita niliyepelekwa huko kwa barua fupi. Binti yangu nilimwacha kwetu kwa mama, kwa sababu homa za kule zilimwandama mpaka akabaki macho tu. Niliomba uhamisho, nikaomba tena, halafu nikaacha kuomba. Ukikaa Garissa muda wa kutosha, hata kulalamika kunakuwa kazi ya mikono, na mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine.

Kituo cha pampu kilikuwa ukingoni mwa mto, nusu yake imezama ardhini kama pango. Ndani yake mabomba yalipandana na kupishana, mengine mapana kiasi cha mtoto kupita akitambaa. Mafuriko yalikijaza tope mpaka dirishani, na michoro yote ya zamani, iliyokuwa kwenye kabati la chuma humo humo, ilitoka ikiwa uji. Tope lilipoondolewa, mabomba yalibaki yametoboka kwa kutu, yamefungwa vipande vya mpira wa baiskeli, yanatema maji kila upande. Pampu zilisukuma, mji ukanywa, lakini kila mtu pale alijua kwamba tunaishi kwa rehema tu.

Wafadhili walikubali kubadilisha mabomba yote. Yangekatwa na kuunganishwa ng'ambo, yaletwe yakiwa tayari, kisha sisi tufunge boliti tu. Kwa hiyo walitaka kujua kila kona na kila mpindo. Nilipewa futi kamba, ngazi na kofia ya plastiki. Miezi kadhaa nilikuwa nikipanda na kushuka humo, jasho likinitiririka mpaka penseli ikakataa kuandika juu ya karatasi. Nilichora, nikafuta, nikachora. Tulipopeleka michoro, jibu lilirudi kwamba ni mizuri, ila haitoshi. Bomba likikosea hata upana wa kidole halitaingia. Wangemleta mtu mwenye mashine ya mwanga.

Meneja wetu alinisomea jibu hilo akiwa amesimama, kisha akaliweka mezani.

"Usivunjike moyo," alisema.

Sikuvunjika moyo. Nilichowaza ni kwamba nitapanda tena ile ngazi.

Mtu wa mashine alifika na masanduku yake kwa ndege ndogo. Alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, masikio yameshaungua kabla hajafika hotelini. Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama jiko la mkaa la hotelini, ikisimama juu ya miguu mitatu, na waya zake zilikwenda kwenye kompyuta na kwenye jenereta. Alinieleza jinsi inavyofanya kazi, nami nikawaeleza wengine kwa Kiswahili: inatoa mwali mwembamba wa leza, kioo kinauzungusha, mwali unagonga bomba na kurudi, na mashine inajua umbali kwa muda uliotumika kwenda na kurudi. Kila pigo ni nukta moja. Nukta zikiwa nyingi vya kutosha, bomba linajichora lenyewe ndani ya kompyuta, na unaweza kulizunguka kama unavyozunguka nyumba.

"Haigusi kitu?" aliuliza mwendesha pampu.

"Haigusi."

"Basi hiyo ni mashine ya adabu."

Huyu mwendesha pampu wote tulimwita *adeer*, yaani ami kwa Kisomali, hata sisi tusio Wasomali. Alikuwa mrefu, ndevu amezipaka hina, na ulimi wake uligeuza p kuwa b, kwa hiyo pampu zake zilikuwa *bambu* siku zote. Zamani alikuwa mfugaji upande wa Wajir. Ukame ulipomaliza ngamia wake alishuka Garissa na mkewe, akapata kazi ya kufagia kituo, na taratibu akafundishwa pampu. Walipewa chumba nyuma ya kituo, kilichoegemea ukuta wa upande wa mto. Huko walilea watoto wao mpaka wakaolewa na kuoa. Walipoondoka watoto, walibaki wao wawili na mbuzi wachache.

Siku ya kwanza tulikosa kila kitu. Mashine ilipowashwa, picha ilitoka imekunjamana kama nguo iliyokaushwa bila kukung'utwa. Mzungu alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, akanitazama. Nami nikaweka changu. Sakafu ilikuwa ikitetemeka. Pampu zilikuwa zikiitikisa, miguu ya mashine ikatikisika, na mwali ukacheza.

"Lazima zizimwe," alisema.

Nilimtafsiria adeer, ingawa nilijua atakavyojibu.

"Bambu nikizima, mji inakunywa nini? Abaayo, wewe mwenyewe nakaa huku. Jua hii unaiona." Aliniita abaayo, dada, kila alipotaka nimwonee huruma.

Meneja ndiye aliyekata maneno. Pampu zingelala asubuhi mpaka adhuhuri, kisha ziwashwe ili watu wapate maji jioni. Ilitangazwa misikitini. Lakini tangazo halijazi jerikani. Kuanzia siku ya pili nilikwenda kazini nikipita katikati ya foleni za wanawake kwenye vioski vya maji, na mikokoteni ya punda iliyoshuka mtoni kuchota yale maji mekundu kama chai. Mimi nilivaa kofia ya ofisi. Kila aliyeniona alijua natoka wapi.

"Abaayo, maji iko wapi?"

"Adhuhuri, mama."

"Jana ulisema adhuhuri."

"Na jana yalikuja."

"Yalikuja kama machozi."

Hata kwangu bomba lilikohoa upepo tu. Nilikuwa nikijifuta kwa maji ya birika, nikivaa nguo zilezile, nikienda kushika taa na kusogeza waya. Nilikuwa nimechoka uchovu usioisha kwa kulala. Unaamka nao, unauvalisha viatu, unautoa nje.

Ndani ya kituo, pampu zikiwa kimya, tulisikia maji yakidondoka na njiwa wakitembea juu ya mabati. Mashine ilifanya kazi polepole mno. Kona moja ingeweza kula asubuhi nzima, kisha tunaibeba sote, tunaipandisha ngazi, tunaiweka tena mahali pengine, kwa sababu mwali hauoni nyuma ya kitu. Bomba lililokuwa mbele lilifunika lililokuwa nyuma, na kwenye picha lile la nyuma lilikuwa na tundu jeusi. Joto nalo liliisumbua. Nililowesha mashuka ya nyumba ya wageni kwenye ndoo, nikayatandaza juu ya masanduku ili kompyuta isizimike, na kila nilipoyakamua niliwawazia wale wanawake wa foleni.

Kuta tulizibandika duara nyeupe, ili picha ya kona hii iungane na picha ya kona ile. Adeer alizipenda. Alisema kituo sasa kinafanana na ng'ombe wa madoadoa.

Asubuhi moja alisahau, akapita mbele ya mashine akiwa na bakuli la chai, akasimama kunitafuta. Tulipofungua picha, kulikuwa na mtu wa nukta katikati ya mabomba, hana uso, kiwiliwili kimekatika katikati, na nyuma yake bomba kubwa lina pengo la umbo lake. Adeer aliitazama sana.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, adeer."

"Mbona nimekatika?"

"Ulikuwa unatembea."

Alicheka mpaka akaketi, nasi tukacheka naye, halafu tukarudia kona ile tangu mwanzo. Mji ulikosa maji asubuhi moja zaidi kwa sababu ya bakuli la chai.

Kona zote zilipokwisha, Mzungu alianza kuziunganisha kwenye kompyuta pale ofisini. Kwa mara ya kwanza nilikiona kituo kizima. Kilielea kwenye giza la kioo, mabomba, vali, ngazi yangu, hata kamba ya nguo ya mke wa adeer iliyoonekana kupitia mlango. Alikigeuza kwa kidole tukakitazama kutoka chini, kama samaki anavyotazama mashua. Nilizama humo miezi mingi na futi kamba, lakini sikuwahi kukiona hivyo. Nilisahau kidogo kwamba mgongo unaniuma.

Ila picha za upande wa mto hazikukubali kuungana. Akilinganisha duara nyeupe za chini, za juu zilikataa. Akilinganisha za juu, za chini zikapishana. Alijaribu siku nzima. Mwisho alivua miwani akasema mashine imeharibiwa na joto, na kwamba upande ule lazima urudiwe.

Mimi ndiye niliyepeleka habari kwa meneja. Alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka chini bila kunywa.

"Nimetukanwa sokoni leo," alisema. "Nimetukanwa na mwanamke wa umri wa mama yangu. Unataka nizime tena?"

"Si mimi nitakaye, bwana."

"Najua. Nenda."

Tukazima tena. Tukaufunika mtambo mashuka mabichi, tukapima ukuta ule na mabomba yake kutoka kila pembe. Picha zikakataa tena, na zikakataa kwa namna ileile. Mzungu alikaa mbele ya kompyuta mikono ikining'inia. Kisha akasema polepole kwamba mashine iliyoharibika haikosei mara mbili sawasawa. Labda mashine haikukosea. Labda nukta za juu zilikuwa mahali pake, na za chini vilevile, ila sisi tulikuwa tunazilinganisha kana kwamba ukuta umesimama wima.

Tulirudi kituoni bila mashine, tukiwa na timazi tu, risasi kwenye uzi, ile ya waashi. Nilipanda ngazi nikaishusha kutoka juu ya ukuta. Chini uzi uligusa ukuta. Juu palikuwa na nafasi ya kuingiza mkono mzima. Ukuta ulikuwa umelala kuelekea mtoni. Mafuriko yalikuwa yamekula udongo chini yake, na bomba kubwa lililofungwa ukutani lilikuwa limepinda pamoja nao, limebeba uzito ambao halikutengenezwa kuubeba. Tulikuwa tukilipita kila siku. Kila kitu mle kilikuwa kimeinama kwa pamoja, na vitu vikiinama pamoja jicho linaviona vimenyooka.

Upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na kitanda cha adeer.

Meneja alikuja, akatazama uzi, akatazama kompyuta, akauliza ukuta utasimama mpaka lini. Mzungu alisema hajui. Kazi yake ni mabomba. Labda miaka. Labda mto ukipanda kidogo tu. Meneja aliagiza adeer na mkewe wahame siku hiyohiyo, akaondoka kwenda kupiga simu Nairobi. Ujumbe aliniachia mimi.

Nilimkuta adeer nje ya chumba chake, anatawadha. Nikamngoja amalize. Nilimweleza yote, nikampeleka aone uzi. Aliushika, akautikisa, akangoja utulie.

"Kamba yako ndiyo imebinda," alisema.

"Adeer, kamba yenye risasi haipindi."

"Ukuta yangu iko fizuri. Mafuriko imekuja, imeenda, ukuta imebaki. Sasa hakuna maji, ndiyo itaanguka?"

Mkewe alitoka ndani. Alikuwa mama mnene, anayetembea taratibu kwa ajili ya magoti. Nilikuwa nikimwita *eedo*, shangazi. Kiswahili alikielewa kuliko alivyokisema, kwa hiyo alizungumza Kisomali, na mumewe akanitafsiria akiwa anatazama pembeni.

"Anasema amehama kwa sababu ya mvua. Amehama kwa sababu ya ngamia. Amehama kwa sababu ya bundugi, akibeba mtoto mgongoni. Anauliza, sasa ahame kwa sababu ya nukta?"

Nilifungua mdomo kueleza. Nilikuwa na maneno. Niliyatafsiri siku hizo zote, ya mwali, ya kioo, ya udongo. Hayakutoka. Niliketi pale mchangani, karibu na mbuzi, kofia ya ofisi ikaanguka. Nilianza kulia, na nilipolia niliona aibu, na aibu ikaniliza zaidi.

"Eedo," nilimwambia kwa Kiswahili, "sijaoga. Wanawake wananisema njiani. Mtoto wangu yuko mbali na simwoni. Ukuta huu nimeupima mpaka naota nao. Sina nguvu ya kukudanganya. Ningekuwa na nguvu ya kudanganya, ningedanganya ili nipewe uhamisho niende kwetu."

Adeer hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Mama yule alinitazama, kisha akaingia ndani akarudi na maji kwenye kopo, maji ambayo mimi ndiye niliyeyafunga, akaninawisha uso kwa kiganja chake kama mtoto. Aliongea jambo fupi na mumewe.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema mtu amechoka hivi hana uwongo." Alivuta pumzi. "Anasema nifungue kitanda."

Walihama jioni ile kwa mkokoteni wa punda wa jirani, kwenda kwa binti yao kwenye bula, yaani mtaa, wa upande wa juu. Adeer alitembea mbele, hakugeuka. Siku nyingi baadaye hakuniita abaayo. Aliniita *ofisi*. "Ofisi, bambu ya bili inabiga kelele." Nililikubali jina hilo.

Mwisho wa zile kazi haukuwa kama tulivyotarajia. Wafadhili waliposikia kwamba ukuta umelala, walisema hawawezi kufunga mabomba mapya ndani ya nyumba inayokwenda mtoni. Mabomba hayakutengenezwa. Mzungu alifungasha masanduku yake, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaniachia nakala ya kituo chetu kwenye diski. Ofisi nzima haikuwa na kompyuta yenye nguvu ya kuifungua. Jasho lote lile, mashuka yote yale, asubuhi zote za watu bila maji, vilizaa kituo cha nukta ambacho hakuna aliyeweza kukitazama. Nilimwandikia mama kwamba kazi imekwisha salama. Sikujua niandike nini kingine.

Tulifunga pampu za muda juu ya jukwaa la mbao, mbali kidogo na ukuta, na adeer akapewa kuzilinda.

Mvua za vuli zilipofika, hazikuwa kubwa. Mto ulipanda kiasi tu, hata watu wa mashamba ya ndizi hawakuhamisha vitu vyao. Mchana mmoja, watu wakitoka msikitini, adeer alikuja ofisini. Viatu vyake vilikuwa na tope na kanzu imeshika matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni mwa chumba changu cha kuchorea, na nilijua kabla hajasema.

"Ukuta imeenda," alisema.

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Alhamdulillah. Mbuzi pia hakuna." Aliketi kwenye kiti cha wageni, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Nilikuwa nje, naswali. Nikafikiri ni lori imemwaga mawe. Nikaangalia, naona mto. Bale ilikuwa na ukuta, naona mto."

Tulikwenda pamoja kuona. Ukuta ulikuwa umelala majini vipande vipande, na bomba kubwa limeng'oka na kuning'inia, mdomo wake wazi. Pale palipokuwa na chumba chao palikuwa na nusu ya sakafu, rangi ya kijani ya kuta za ndani ikionekana juani. Adeer aliokota kigae cha chungu, akakipangusa, akakitupa mtoni. Hakusema ahsante, nami sikuingoja. Tuliporudi njiani aliniambia tu, "Abaayo, jua kali. Tembea kwa kivuli."

Kituo kipya kilijengwa juu zaidi, kwa mwendo wa konokono, na mimi ndiye niliyekichora kutoka karatasi tupu. Barua ya uhamisho ilifika kazi ikiwa katikati, baada ya mimi kuisahau. Nilikwenda kuaga kwa binti yao kule kwenye bula. Eedo alinitandikia mkeka barazani, akanipa chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki nyingi, akaniuliza kwa Kiswahili chake kidogo mtoto wangu amefika urefu gani. Nilinyanyua mkono kumwonyesha, kisha nikagundua kwamba sijui vizuri, mkono ukabaki hewani. Aliushika akaushusha, akasema kitu kwa Kisomali ambacho sikukielewa, sauti ya chini, ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Nilidhani nimefumba macho kidogo tu. Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama, chai imepoa, na mtu alikuwa amenifunika shuka miguuni kwa ajili ya nzi. Eedo alikuwa ameketi palepale, anachambua mchele kwenye ungo, hakuharakisha. Ndani adeer alikuwa akimwuliza binti yake, kwa sauti ya kunong'ona, kama nimekula.